Dira, GPS au redio: kipi kinunuliwe kwanza kabla ya mashua kuvuka Mkondo wa Pemba?

Ukitazama ramani, Tanga na Wete ziko karibu kwenye mstari mmoja. Chombo kikitoka Tanga na kuelekeza omo mashariki, mbele yake ni Pemba, umbali wa kama maili 35 za baharini. Kwa mwendo wa noti tano, safari ni ya saa saba. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini inaweza kumponza mtu.

Maji ya pwani ya Afrika Mashariki huenda kaskazini, na nguvu yake huzidi wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba. Tuseme mkondo una noti mbili tu. Katika saa saba utakuwa umekisukuma chombo maili 14, karibu kilomita 26, huku dira ikionyesha mashariki muda wote. Nahodha asiyesahihisha usukani usiku wa giza anaweza kupita nje ya Ras Kigomasha, ncha ya kaskazini ya Pemba, akajikuta bahari kuu na shehena ya vitunguu na abiria juu yake.

Dira imefanya kazi yake: imeonyesha omo imeelekea wapi. Kujua chombo chenyewe kinakwenda wapi kunahitaji kifaa kingine. Ndiyo maana uchaguzi wa vifaa vya kuongozea unawahusu pia wafanyabiashara wa Tanga, Pemba, Vanga, Shimoni na Mombasa, wawe na hisa kwenye mashua au wawe wanalipia nafasi ya mzigo tu.

Simu si mbadala

Simu nyingi za kisasa zina kipokezi cha GPS, nacho hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani imepakuliwa kabla ya kuondoka. Kama kifaa cha akiba, simu inafaa. Kama tegemeo pekee, ina kasoro tatu: betri huisha haraka skrini ikiwaka, mwanga wa jua huifanya isisomeke, na kidole chenye maji ya chumvi hakiigusi ikatii.

GPS ya mkononi iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari huanza kulipa hapo. Mnunuzi atazame mambo manne. Kwanza, alama ya IPX7, inayomaanisha kifaa kinaweza kuzama mita moja kwa dakika 30 bila maji kuingia. Pili, kiwe kinaelea kikiangukia majini. Tatu, betri: kinachotumia betri ndogo za kawaida ni rahisi kwa chombo kisicho na umeme, kwa sababu betri hizo hupatikana hata kwenye duka la kijijini. Nne, vitufe vya kubonyeza, ambavyo mkono uliolowa unaviweza.

Skrini kubwa ya kufungwa kwenye chombo ni nzuri kwa mwenye umeme wa volti 12. Lakini kabla ya kuinunua, apige hesabu. Skrini inayokula ampea moja, ikiwaka saa 12, hutumia ampea-saa 12 za betri. Paneli ya sola na betri ziwe na uwezo wa kurudisha kiasi hicho kila siku, tena bila kusahau taa za chombo.

Namba zinazopotosha

Kosa kubwa hutokea wakati wa kuandika mahali. Vifaa huandika kwa mitindo tofauti. Nyuzi 5 na dakika 3.5 kusini ni sawa na nyuzi 5.0583. Mtu akipewa namba ya kwanza kwa redio, akaiingiza kama 5.035, amekosea kwa maili 1.4, zaidi ya kilomita mbili na nusu. Umbali huo unatosha kukosa mlango wa bandari na kupanda mwamba. Vyombo vinavyosafiri pamoja vikubaliane mtindo mmoja kabla ya kung'oa nanga.

Tena, GPS huchora mstari ulionyooka hadi mwisho wa safari. Haijali kama katikati kuna fungu la mchanga, wala haijui kwamba chombo cha tanga kikikabili upepo lazima kipige bisha. Nahodha aweke alama kadhaa za kuzunguka miamba, zote zikiwa kwenye maji yenye kina. Ramani za kielektroniki nazo zisiaminiwe kupita kiasi, kwani baadhi ya vipimo vya pwani hii vilichukuliwa katika karne ya 19. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huzidi mita tatu, hivyo njia iliyopitika asubuhi inaweza kuwa mwamba mtupu mchana. Bildi na macho ya baharia aliyekaa omo bado vina kazi.

Kuita msaada

Kujua ulipo hakusaidii kama huwezi kumwambia mtu. Redio ya VHF ya mkononi yenye wati tano au sita hufika maili chache tu kati ya mashua na mashua, kwa kuwa mawimbi yake hayapiti nyuma ya upeo wa macho. Ya kufungwa ina wati 25, na antena yake ikiwekwa juu ya mlingoti hufika mbali zaidi. Chaneli 16 ndiyo ya dharura, na husikilizwa na meli kubwa pia. Redio huhitaji leseni: Kenya, kwa Mamlaka ya Mawasiliano, Tanzania, kwa TCRA.

Pale redio isipofika, kuna kifaa kidogo cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Cha kuvaliwa mwilini hutuma kwa saa zisizopungua 24, na cha chombo saa 48. Hapa anayenunua nje ya nchi awe mwangalifu. Kila kifaa hubeba namba ya nchi. Kilichonunuliwa nje bila kubadilishwa namba na kusajiliwa kinaweza kupeleka taarifa kwanza kwa maofisa wa nchi ya mbali, wasiojua chombo ni cha nani, wakati vituo vya uokoaji vya Mombasa na Dar es Salaam viko karibu.

Mpakani

Cheti rahisi cha uasili, ambacho wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya hutumia kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Vifaa hivi vingi hutoka nje, hivyo cheti hicho hakivihusu. Aliyekilipia kifaa ushuru katika nchi moja ahifadhi risiti na hati za forodha, na namba ya kifaa iandikwe kwenye risiti. Vinginevyo, ofisa wa bandari ya pili hana njia ya kujua kama kifaa ni cha chombo au ni bidhaa ya kuuzwa.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wenye busara ni huu: jaketi za kuokolea na dira nzuri, kisha GPS ya mkononi, kisha redio ya VHF, kisha kifaa cha dharura cha setilaiti. Skrini kubwa isubiri. GPS na redio zikae walau mita moja kutoka kwenye dira, maana sumaku ya spika huivuta sindano.

Naye mwenye mzigo, kabla ya kulipa nauli ya shehena, ana maswali matatu ya kumuuliza nahodha: GPS iko wapi, betri za akiba ziko wapi, na nani mwingine ndani ya chombo anajua kuitumia nahodha akiugua njiani?