Ujuzi Kwanza, Mashine Baadaye

Kwa askari anayekaribia kustaafu, swali la kiinua mgongo ni swali zito: fedha hizo zitiwe katika kazi gani? Miongoni mwa kazi zinazofikiriwa siku hizi ni usafishaji wa makochi na viti vya vitambaa. Wateja wapo hata katika miji midogo kama Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, penye nyumba za wageni, ofisi na magari ya abiria. Walakini hapana budi ieleweke kwamba kazi hii huanza na ujuzi, wala haianzi na mashine.

Sababu yake ni kwamba vitambaa havifanani. Fundi aliyefunzwa huchomoa uzi mmoja upande wa chini wa kochi, akauchoma mbali na samani. Pamba huungua kama karatasi. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Nailoni huyeyuka na kuacha tone gumu. Kisha huijaribu dawa mahali palipofichika, akafuta kwa kitambaa cheupe ili aone kama rangi inatoka. Asiyeyajua hayo huweza kuharibu kochi la mteja kwa dakika chache, na fidia ikameza mapato yake yote.

Hatari nyingine ni ya uhai. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na asidi ya kusafishia vyoo hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo ndiyo iliyotumiwa na jeshi la Ujerumani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Mwanajeshi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu vyombo, yatosha kuanza na mashine ya kufyonza vumbi, brashi laini, bomba la kunyunyizia, glavu na feni. Vumbi huondolewa kabla ya maji, kwani likilowa huwa tope. Mashine inayopuliza maji na kuyafyonza tena inunuliwe baada ya kupima umeme uliopo. Katika ukame wa mwaka 2024 Wazambia walikosa umeme kwa saa nyingi kila siku. Nguvu ya kufyonza ndiyo itazamwe zaidi. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili, hewa ya ziwani huwa na unyevu, na sponji lisilokauka kwa siku moja au mbili huota ukungu.

Nchini Zambia vyuo vya ufundi husimamiwa na TEVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Tanzania ina VETA, ya sheria ya mwaka 1994. Yafaa askari aulize kama chuo kimesajiliwa kabla hajalipa karo, kisha ashike kazi chini ya fundi mzoefu.

Hakuna mkuu wa kikosi ampaye kuruta risasi kabla ya kumfunza bunduki. Kiinua mgongo nacho hutolewa mara moja tu. Kikipotea, hakuna ghala la kwenda kuchukua kingine.