Kiongeza kasi cha CNC: Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

FUNDI anayechonga kalibu ndogo kwa mashine ya CNC, ile inayoongozwa na kompyuta, akiona vikataji vyake vyembamba vinakatika hudhani mashine inakimbia kupita kiasi. Mara nyingi kosa ni kinyume cha hayo. Spindeli, yaani mhimili unaozungusha kikataji, huwa inazunguka polepole mno, na kila jino hulazimika kumega chuma kingi kuliko linavyoweza kuhimili.

Tatizo hili si geni kwa wenye karakana katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, eneo lenye viwanda vingi vya kahawa na majani chai vinavyohitaji vipuri. Mjini Nyeri, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichotunukiwa hati ya chuo kikuu kamili Desemba 2012, hufunza wahandisi wa mitambo. Kijana anayeanza kazi kwa mkopo hutazamia mashine iliyokwisha kutumika, na nyingi za zamani hazivuki mizunguko 6,000 au 8,000 kwa dakika. Ndipo huvutiwa na kiongeza kasi, kifaa kinachofungwa kwenye spindeli ili kikataji kizunguke kwa kasi kuliko mashine yenyewe.

Kabla ya kutoa fedha, na apige hesabu. Kasi ya ukataji, kwa mita kwa dakika, huzidishwa kwa 1,000, kisha hugawanywa kwa kipenyo cha kikataji kwa milimita kilichozidishwa kwa 3.14. Alumini ikikatwa kwa mita 150 kwa dakika, kikataji cha milimita 10 huhitaji mizunguko 4,800 hivi. Cha milimita 3 huhitaji karibu 16,000, na cha milimita 1 karibu 48,000. Lakini chuma kikikatwa kwa mita 60, kikataji cha milimita 3 hutosheka na 6,400. Kwa hiyo fundi wa chuma na vikataji vinene hana haja ya kifaa hiki, hata muuzaji akisifu vipi.

Faida yake iko kwenye muda. Kikataji chenye meno mawili, kila jino likimega milimita 0.01, husogea milimita 120 kwa dakika spindeli ikizunguka mara 6,000. Kwa mizunguko 24,000 husogea milimita 480, na kazi ya saa moja humalizika kwa robo saa.

Kiongeza kasi cha gia hutumia mota ya mashine yenyewe, na huzidisha kasi mara nne, tano au sita. Nguvu ya kuzungusha hupungua kwa kiasi hicho hicho, na beringi hupata joto, hivyo aina nyingi hazifai kukimbizwa kutwa kwa kasi ya juu kabisa. Aidha, mwili wake hauna budi kuzuiwa usizunguke, kwa pini inayoshikwa na kipande kilichofungwa kwenye kichwa cha mashine. Pasipo nafasi ya kukifunga, biashara hiyo isifanywe.

Aina ya hewa hufikia mizunguko 40,000 na zaidi bila joto jingi, ila nguvu yake ni ndogo na hukata kwa kugusa tu. Hapa ndipo Nyeri inapotofautiana na Mombasa. Mji huo uko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban moja kwa tano. Kompresa huvuta hewa nyepesi, hivyo iliyotosha pwani yaweza kushindwa huku. Kompresa ndogo ya kujaza magurudumu haifai kabisa. Baridi na ukungu wa Julai nao huleta maji kwenye mabomba. Kikaushio na kichujio ni lazima.

Aina ya umeme yenye mota yake hustahimili kazi ndefu, lakini ni ghali, na waya wake hutatiza ubadilishaji wa vikataji wa kujiendesha.

Kwa karakana nyingi za eneo hili, zenye kazi ndogo za hapa na pale, gia ndiyo ya kuanzia. Mnunuzi apime koni, kama ni BT30 au BT40, uzito wa kifaa, na urefu wake, kwa kuwa hula nafasi iliyo juu ya meza. Apime pia kuyumba kwa kikataji: kikiyumba kwa milimita 0.01, kiasi kile kile cha kila mego, jino moja hubeba kazi ya mawili na kikataji hukatika vilevile.