Kidudu Cheusi Ndani ya Bua la Muhindi

Mkulima wa Kinondo apasuapo bua la muhindi lililotobolewa, pengine hukuta bungua amekufa, na kando yake vifuko vyeupe vimeshikamana, mfano wa chenga za mchele. Asiyejua hudhani ni mayai ya bungua, akavitia motoni. La, hasha! Hivyo ni vifuko vya nyigu mweusi, urefu wake milimita 3 hivi, asiyemdhuru mtu. Wataalamu humwita Cotesia flavipes.

Bungua huyu, Chilo partellus, ni mgeni kutoka Asia. Basi kituo cha ICIPE kilimfuata adui wake huko huko, Pakistani, kikamwachilia katika pwani ya Kenya mwaka 1993. Nyigu jike huingia tunduni, akamchoma bungua na kumtia mayai kama 40. Ni kazi ya hatari, maana pengine bungua humwuma akafa mumo humo. Watoto humla bungua kwa ndani, kisha hutoka na kujisokotea vifuko.

Anaye ndugu wa asili ya Afrika, Cotesia sesamiae, ambaye hata wataalamu humtambua kwa darubini tu. Mkulima hana haja ya kuwatenganisha. Bua lenye vifuko liachwe shambani wiki moja, hata nyigu watoke. Lenye bungua hai ndilo lichomwe.