Baiskeli na Barabara za Changarawe katika Bonde la Mto Pangani: Korogwe na Handeni

Mto Pangani hupita Korogwe, Milima ya Usambara ikiwa kaskazini na nchi ya Handeni ikiwa kusini. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaenea bondeni. Hata hivyo, reli na barabara kuu hazifiki katika kila kijiji. Pengo hilo huzibwa na njia za udongo na changarawe, ambako baiskeli hubeba mahindi, mkaa na madumu ya maji.

Barabara ya changarawe hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yateremkie mitaroni. Magari yapitapo, kokoto hurushwa pembeni, na nyayo za magurudumu hubaki ngumu. Mwendesha baiskeli hufuata nyayo hizo, kwa kuwa kokoto za pembeni huteleza. Gari linapokaribia, hulazimika kuingia palepale penye utelezi, huku mzigo ukiyumba nyuma yake. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo wa mfinyanzi hunasa magurudumu, naye huishia kuisukuma baiskeli.

Tangu mwaka 2017, barabara za wilaya husimamiwa na TARURA. Kutokana na hoja hizi, ubora wa barabara hauna budi kupimwa pia kwa upana na uimara wa pembeni, si kwa kasi ya magari peke yake. Vinginevyo, ukarabati waweza kurahisisha safari ya gari na papo hapo kuongeza hatari kwa anayebeba chakula cha kaya yake.