MWENYE NGUVU MPISHE? AMPLIFAYA YA SPIKA NA HEDIFONI ZA BEI GHALI

Ndugu msomaji, wahenga walisema sikio halilali njaa. Ndiyo maana wapenda muziki hawaishi kubishana, na mojawapo ya mabishano yao ni hili: eti hedifoni za bei ghali, vile visikizi vikubwa vya kuvaa kichwani, haziimbi sawasawa mpaka uziunganishe na amplifaya ya spika, ile kubwa ya kutikisa ukumbi mzima. Wengine wanacheka. Wanasema huo ni wazimu, ni sawa na kumwagilia mche wa mchicha kwa bomba la zimamoto. Je, nani mkweli? Kumbe kila upande una nusu ya ukweli, na nusu nyingine inaweza kukuchomea mali au kukuharibia masikio. Hebu tulichambue jambo hili polepole.

Kwanza, amplifaya ni nini? Ni chombo kinachopokea mawimbi dhaifu ya umeme kutoka kwa redio au simu, kikayapa nguvu kwa kutumia stima ya ukutani. Spika ina kazi ngumu, kwani ni lazima ijaze chumba kizima. Spika nyingi za nyumbani zikipewa wati 1 hutoa sauti ya desibeli zipatazo 88 ukisimama umbali wa mita moja. Hedifoni nayo imekaa papo hapo sikioni. Hedifoni ya kawaida inaweza kutoa desibeli 100 kwa miliwati 1 tu, yaani sehemu moja ya elfu ya wati! Kwa hivyo, kwa hedifoni nyingi, simu yako inatosha kabisa.

Lakini hedifoni si zote sawa. Mwaka 1989, kampuni ya AKG ya Vienna, Austria, ilitoa hedifoni iitwayo K1000. Ilikuwa kama spika mbili ndogo zilizoning'inizwa kando ya masikio bila kuyagusa. Miliwati 1 iliipa desibeli 74 tu. Mwaka 2010 ikaja HE-6 ya kampuni ya HIFIMAN. Hii haina koili na koni kama spika ya kawaida. Ina utando mwembamba sana uliotandazwa nyaya bapa, nao umekaa kati ya sumaku. Wapenzi wa muziki waliisifu sana, lakini uvivu wake si mchezo: desibeli 83.5 kwa miliwati 1.

Sasa tukumbuke kanuni moja: ukitaka kuongeza desibeli 10, sharti uongeze nguvu mara 10. Desibeli 20 ni mara 100, na desibeli 30 ni mara 1,000. Tuseme tunataka vile vishindo vya ngoma katika muziki vifike desibeli 104. Hedifoni yetu ya kawaida itahitaji miliwati 2.5 hivi. HE-6 itahitaji kama miliwati 110. K1000 itahitaji wati 1 nzima, yaani mara 400 ya ile ya kawaida!

Wanafunzi wa Fizikia, hapa ndipo Kanuni ya Ohm inapotufaa. Nguvu ni volteji mara volteji, ukagawanya kwa ukinzani. HE-6 ina ukinzani wa ohmu 50, kwa hivyo miliwati 110 zinadai volti 2.3 hivi. Simu nyingi hutoa volti 1 au chini ya hapo, basi hapo simu inashindwa. Hata hivyo, amplifaya nzuri ya hedifoni itaweza. K1000 ina ohmu 120, na wati 1 inadai karibu volti 11. Amplifaya nyingi za hedifoni hazifiki huko. Ndiyo sababu K1000 ilitengenezwa iunganishwe moja kwa moja na amplifaya ya spika. Kwa hivyo wanaosema kwamba kuna hedifoni zinazotaka nguvu za spika hawaongopi. Wanakosea tu wanapodhani kuwa zote ziko hivyo.

Hebu tuone sasa hatari yake. Amplifaya ya wati 100 kwenye spika ya ohmu 8 inaweza kutoa volti 28. Ukiipachika hedifoni ya kawaida ya ohmu 32, kisha mtu akazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho, hedifoni itapokea wati 25. Koili zake ni nyuzi nyembamba kama unywele. Zitaungua kabla hujasema "lo!" Kununua nyingine si bei ya maandazi.

Hatari ya pili imejificha kwenye nyaya. Plagi ya kawaida ya hedifoni ina njia tatu: kushoto, kulia, na moja ya kurudisha umeme ambayo pande zote mbili huitumia pamoja. Lakini kuna amplifaya ambazo tundu lake jeusi pia lina umeme wa sauti, si la ardhini kama watu wanavyodhani. Ukiunganisha matundu meusi mawili kwa plagi kama hiyo, amplifaya inaweza kutoa moshi. Ndiyo maana kazi hii inataka hedifoni yenye nyaya nne, mbili za kila sikio, na kitabu cha maelezo kisomwe kwanza.

Tatu, kuna ule mvumo wa "shhh". Mbele ya spika, mita tatu kutoka kwako, huusikii. Ukiuvaa masikioni, utakuudhi. Amplifaya nyingi za zamani zilikuwa na tundu la hedifoni lililopitia rezista za ohmu mia kadhaa. Rezista ya ohmu 300 ikitangulia hedifoni yetu ya ohmu 32, zile volti 28 hubaki volti 2.7 hivi, na zile wati 25 hupungua hadi robo ya wati. Na mvumo nao hupungua.

Ati amplifaya kubwa huupa muziki "uhai"? Tahadhari! Sikio hudanganyika kwa urahisi. Sauti ikizidi nyingine kwa desibeli moja tu, aghalabu utadhani ndiyo bora. Anayetaka kulinganisha amplifaya mbili kwa haki na azisawazishe sauti kwanza, kisha ndipo ahukumu.

La mwisho ndilo kubwa. Hedifoni ikiungua utanunua nyingine, lakini sikio halina spea. Ndani ya sikio mna chembe zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Taasisi ya NIOSH ya Marekani inapendekeza mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo ugawanywe nusu. Kwenye desibeli 100 unabaki na dakika 15 tu! Amplifaya ya spika inaweza kupita hapo bila hata kutoa jasho.

Basi, mwanafunzi mwenzangu, kabla ya kuunganisha chochote, soma namba mbili kwenye karatasi ya hedifoni: desibeli zake kwa miliwati 1, na ohmu zake. Piga hesabu. Ikiwa ni ya kawaida, iache amplifaya ya spika ifanye kazi yake ukumbini. Ikiwa ni mvivu kama K1000, tumia nyaya nne, anza na sauti ikiwa sufuri, washa amplifaya kabla ya kuvaa hedifoni, kisha ongeza kidogo kidogo. Tusije tukawa sikio la kufa lisilosikia dawa.