Sura ya Saba: Hati ya Shamba na Haki ya Mgeni

Katika vijiji vinavyouzunguka Oyugis, mji wa biashara ulioko kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kisii, mgogoro wa ardhi mara nyingi huwakutanisha mtu mwenye hati na mtu mwenye kaburi. Mmoja anatoa karatasi yenye jina lake. Mwenziwe anaonyesha alipozikwa babu yake, na kuuliza kwa nini hakuna aliyepinga maziko yale. Mahakama za Kenya zimelipima swali hilo kwa zaidi ya nusu karne, na majibu yake yamebadilika kabisa. Sura hii inafuata mabadiliko hayo hadi kwa mtu ambaye, kwa maoni yangu, bado yamemwacha nje.

Chanzo ni Mpango wa Swynnerton wa 1954. Serikali ya kikoloni iliamini kwamba mkulima Mwafrika akipewa hati ya peke yake atalima vizuri zaidi na kukopa benki. Baada ya uhuru kazi iliendelea, na Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikampa mwenye jina kwenye sajili umiliki kamili. Nyanza Kusini ilipimwa hasa baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970. Familia nyingi ziliandikisha shamba kwa jina la mmoja tu, pengine kaka mkubwa, pengine yule aliyekuwa nyumbani wakati wenzake wako kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kwao alikuwa mshika kalamu wa wote. Kwa sheria alikuwa mwenye mali.

Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo, Jaji Bennett aliamua kwamba usajili unazifuta haki za kimila: kama Bunge lilitaka zibaki, lingesema wazi. Mwaka uliofuata, katika Esiroyo dhidi ya Esiroyo, baba mwenye hati aliruhusiwa kuwaondoa wanawe shambani. Hukumu hizi mbili zimelaaniwa sana, na nakubaliana na waliozilaani. Ila tusisahau kwamba mwenye hati katika kesi ya Obiero alikuwa mjane, na waliomdai ardhi kwa jina la mila walikuwa wana wa mke mwenzake. Karatasi ile ilimkinga. Anayeitetea mila leo lazima awe na jibu la kumpa mjane huyo.

Si majaji wote walioona hivyo. Jaji Madan, katika kesi ya Muguthu, alimwona kaka aliyesajiliwa kuwa mdhamini anayewashikia ndugu zake amana. Profesa Okoth-Ogendo wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye alionyesha kwa maandishi ya miaka mingi kwamba sheria ya dola iliidharau mila bila kuweza kuiua, kwa hiyo watu waliendelea kuishi chini ya sheria mbili. Mwanaanthropolojia Parker Shipton alilikuta jambo hilohilo Kanyamkago, katika Migori ya leo. Kitabu chake cha 2009, Mortgaging the Ancestors, kinaeleza kwa nini mkopo wa benki uliodhaminiwa kwa shamba la ukoo huleta msiba. Benki inaweza kuliuza, lakini mnunuzi atakaaje katikati ya makaburi ya watu wengine, majirani wote wakiwa ndugu wa aliyenyang'anywa?

Uamuzi mkubwa ulikuja tarehe 5 Oktoba 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari iliyotoka Meru. Mahakama ya Juu ilizitengua Obiero na Esiroyo waziwazi. Amana ya kimila, ikithibitishwa, inamfunga mwenye hati, hata kama mdai hakuwahi kuishi kwenye shamba hilo. Lakini ni lazima ithibitishwe: kwamba kabla ya usajili ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi, kwamba mdai ni wa kundi hilo na uhusiano wake si wa mbali mno, kwamba angestahili kuandikwa kama si jambo fulani kuingilia kati, na kwamba anayedaiwa naye ni mmoja wao. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 28, nayo inazitaja amana za kimila miongoni mwa haki zinazoifunga hati bila kuandikwa ndani yake.

Kwa ndugu aliyerukwa wakati wa upimaji, huu ni ushindi. Kwa jadak, sivyo.

Jodak (wingi wa jadak) ni watu waliopokelewa kwenye ardhi ya ukoo usio wao. Walikuja kwa njaa, kwa ugomvi wa kwao, kwa urafiki, au kwa kufuata jamaa za mama au za mke. Walipewa mahali pa kujenga na kulima, na wajukuu wao wamezaliwa hapo. Mzee aliyewapokea akifa na hati ikamfikia mwanawe, anaweza kuwaambia waondoke. Wakidai amana ya kimila, wataulizwa ukoo wao.

Wakili atawaelekeza kwenye Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inayompa ardhi aliyeikalia waziwazi kwa miaka 12 kinyume na haki ya mwenyewe. Hapo tena wanakwama, kwa sababu aliyekaa kwa ruhusa hakukaa kinyume na mtu. Mvamizi asiyebisha hodi anaweza kuipata ardhi baada ya miaka hiyo 12. Aliyekaribishwa kwa heshima, akaishi kwa amani miaka 60, anaweza kukosa. Sioni namna ya kuutetea utaratibu unaozaa matokeo hayo.

Mnunuzi ameshapata nafuu. Katika kesi ya Macharia Mwangi Maina ya 2014, na tena katika ya Kitilit ya 2018, Mahakama ya Rufaa ilikataa muuzaji aliyepokea fedha na kumweka mnunuzi shambani ajifiche nyuma ya kukosekana kwa kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Ilitegemea misingi ya usawa na, katika Kitilit, Ibara ya 10 ya Katiba. Misingi hiyo haihitaji fedha zipite mkononi. Aliyeachwa ajenge, apande miti na azike wazazi wake bila kukatazwa ametoa zaidi ya bei ya shamba.

Pia Mahakama ya Juu haikuishia kwenye ukoo. Ilisema familia, ukoo au kundi. Jadak aliyeletwa na bibi mzaliwa wa ukoo ule, akashiriki kazi zake na misiba yake kwa vizazi vitatu, ana hoja ya kusema yumo. Wakili wa Oyugis anayetaka kuijenga hoja hiyo aanze kwa kuchukua ushahidi wa wazee waliokuwapo wakati wa upimaji, maana idadi yao inapungua kila mwaka.