Bosi Akikulipia Shahada ya Uzamili: Kweli au Uongo?

Ipuli, kama kata nyingine za Manispaa ya Tabora, ina wafanyakazi wengi wanaoitamani MBA kwa ada ya mwajiri. Maneno yanayozunguka kuhusu ada hiyo, mengi hayana miguu.

"Akilipa mwajiri, umesoma bure." Uongo, na huu ndio unaoumiza watu. Kwa kawaida unapewa kwanza mkataba wa kurudi kumtumikia. Soma pole pole: miaka mingapi, unadaiwa nini ukiondoka mapema, na deni linapunguaje. Tuseme ada ni milioni 6, mkataba wa miaka 3, nawe umeondoka baada ya miaka 2. Mkataba unaopunguza deni kila mwaka utakudai milioni 2. Usiosema lolote unaweza kukuletea madai ya zote 6. Bosi hawezi kujikatia tu kwenye mshahara: kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinataka ukubali kwa maandishi, isipokuwa kama makato yanatokana na sheria au amri ya mahakama na mfano wake. Tazama basi karatasi uliyotia sahihi. Huenda kibali hicho umeshakitoa humo humo.

"Fedha ipo, si kampuni inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi?" Tozo ipo, ada yako haimo. Mwajiri wa watu 10 au zaidi anailipa TRA, na kiwango kilishuka kutoka asilimia 4 hadi 3.5 Julai 2023. Ni mzigo wake, haikatwi kwenye mshahara wako, na haimpi mfanyakazi yeyote haki ya kudai kusomeshwa.

"Ukimsomesha, ataondoka." Nusu kweli. Julius Nyerere alikuwa akifundisha St. Mary's, Tabora, kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, kwa ufadhili wa serikali ya kikoloni. Aliporudi 1952 alipangiwa Pugu, na 1955 akaacha ualimu kwa ajili ya TANU. Sawa, si kila mhasibu ana nchi ya kuikomboa. Wengi ninaowaona wakiondoka huchoshwa na kurudishwa meza ile ile, kazi ile ile, huku bosi akishangaa.

"Lazima uhamie Dar au Mzumbe." Uongo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina kituo Tabora.

"Ukihitimu, mshahara unapanda." Kwa mtumishi wa umma, cheti peke yake hakipandishi kitu. Kubadilishiwa muundo kunahitaji nafasi kwenye ikama na fedha kwenye bajeti, na wapo wanaosubiri huku joho limeshakunjwa kabatini. Kwa hiyo swali la kumuuliza Afisa Utumishi, kabla hujajaza fomu ya ruhusa ya masomo, ni moja: nafasi yangu itaombewa bajeti ya mwaka gani?